Tundu la Kulia Kwanza

Pale bekari mkate haukutolewa kwa saa, ulitolewa kwa pua. Tanuri lilikuwa la matofali, la kuni, lenye mlango wa chuma usio na kioo wala tundu la kuchungulia. Ukiufungua mapema joto linakimbia na mikate inabonyea katikati. Ukichelewa unatoa makaa. Kwa hiyo mtu wa mdomoni mwa tanuri husimama na sepetu yake ya mbao ya kutolea mikate, yenye mpini mrefu kumshinda yeye mwenyewe, akinusa. Kwanza hutoka harufu ya hamira, ya uchachu. Kisha unga mbichi unaoanza kupata moto. Kisha, kwa kitambo kifupi tu, hutoka harufu tamu ya njugu zinazokaangwa, na hapo ndipo mlango hufunguliwa. Ukingoja mpaka hiyo nayo ipite, mkate huo kaule mwenyewe.

Mtu huyo wa mdomoni mwa tanuri alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega na mwepesi wa maneno, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pua. Wala hawakumsimanga kwa jina hilo. Pua yake ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa, ila tangu usichana wake hakuwahi kuunguza mkate, na jina likamkaa kwa heshima. Bekari aliachiwa na baba yake, yeye na mdogo wake wa kiume. Mdogo mtu alishika mauzo na gari la kusambazia. Mke wa huyo mdogo, yaani wifi yake Bi Pua, alikanda unga kwenye meza ndefu iliyoelekea tanuri. Na Bi Pua alishika sepetu, hakuna mwingine aliyeigusa.

Sasa sikia balaa lenyewe. Kwa miaka miwili Bi Pua hakuwa akisikia harufu ya kitu chochote. Si hamira, si moshi, si maziwa yaliyoharibika. Na hakuna aliyejua.

Ilianza kwa chafya. Unga wa ngano ni vumbi kama vumbi lingine, na baada ya maisha mazima ya kuuvuta, siku moja pua yake iliukataa. Akipiga chafya, hapigi moja wala mbili, anapiga msururu mpaka machozi yanamtoka na wifi yake anauliza kama kuna mtu anamsema huko aliko. Akanunua vidonge vya aleji. Vilimlaza kwenye magunia mchana kweupe. Ndipo muuza dawa mmoja akampa kichupa cha matone ya puani, kidogo sawa na kidole gumba. Matone mawili kila tundu. Bi Pua akatia, akahesabu pumzi chache, na pua ikafunguka mpaka akahisi hewa inamfika kisogoni. Alikaribia kulia kwa furaha. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye maandishi madogo kama chawa, na kwa kuwa miwani yake ilikuwa nyumbani, karatasi ile ilikwenda kuwashia kuni.

Kichupa kile kikawa viwili, vikawa vitatu. Kimoja kwenye mfuko wa aproni, kimoja chini ya mto, kimoja nyuma ya kopo la hamira. Alikuwa na maduka matatu ya dawa, akiyapitia kwa zamu kama mtu mwenye wake watatu, ili pasiwe na duka litakaloona wingi wa manunuzi yake. Akikosa matone, pua hufunga kabisa, anapumua kwa mdomo, koo linakauka na kichwa kinampasuka. Akiyatia, hewa hupita. Lakini hewa ndiyo hupita, harufu haipiti. Ilianza kufifia kidogo kidogo, na asubuhi moja akasimama mbele ya tanuri, akanusa, akakuta patupu.

Hofu iliyomshika siku hiyo hakuwahi kumsimulia mtu. Mikate ilikuwa ndani, sepetu mkononi, na yeye hana habari kama imeiva au bado. Akageuka huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, na katika kugeuka macho yake yakamwangukia wifi. Wifi alikuwa akikanda kwa kasi yake ya kila siku. Mara mikono yake ikapunguza mwendo. Kidevu kikainuka kidogo. Akameza mate. Kisha akaendelea kukanda, wala mwenyewe hakujua kwamba amefanya kitu. Bi Pua akafungua mlango. Mikate ilikuwa ya rangi ya dhahabu.

Basi, hapo ndipo alipojenga nyumba yake, juu ya kidevu cha wifi. Miaka miwili alisimama mdomoni mwa tanuri akijifanya ananusa, macho yakimtazama wifi kwa pembeni. Kidevu kikiinuka, mlango unafunguliwa. Wateja wakazidi kumsifu. Mgeni akija, mdogo wake humwonyesha kwa fahari: "Unamwona dada yangu? Huyo ana saa puani." Na Bi Pua hucheka, mkono mfukoni, umeshika kichupa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa hapo hapo kwenye aproni.

Halafu wifi akapata mafua.

Mafua ya kawaida tu, ya siku chache, lakini alikuja kazini na pua nyekundu, akajifunga kitambaa na kukanda kama kawaida, maana kule hakuna anayelala nyumbani kwa mafua. Bi Pua akaingiza mikate ya alasiri, akafunga mlango, akaanza kutazama kidevu. Kidevu hakikuinuka. Akangoja. Wifi akakanda, akapenga kamasi, akanawa, akarudi kukanda. Bi Pua akasema moyoni, labda kuni za leo ni mbichi. Akangoja tena. Wa kwanza kusikia harufu alikuwa mdogo mtu, aliyekuwa nje akipakia gari. Aliingia mbio huku akipiga kelele.

"Dada! Dada, kunaungua!"

Moshi ulipotoka kwenye ule mlango uliwafukuza wote watatu mpaka barabarani. Mikate yote ilikuwa myeusi, ukiigonga inalia kama mlango. Mdogo mtu aliushika mmoja kwa kitambaa, akauangalia, akamwangalia dada yake, na hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Dada," alisema kwa upole, "umri ni umri. Hakuna aibu."

"Umri wa nani?"

"Kuna tanuri la umeme. Lina kengele. Mkate ukiiva linalia lenyewe. Nimeshaongea na muuzaji, tangu siku nyingi, nilikuwa tu natafuta namna ya kukwambia. Wewe utakaa mbele, kaunta. Kiti kizuri, feni, unaongea na wateja. Si unapenda kuongea?"

Bi Pua akageuka kuutazama mdomo wa tanuri. Alijua watu wanaowekwa kaunta. Huwekewa kiti kizuri na feni, kisha huanza kuulizwa kama wamekunywa dawa zao. Alikuwa amesimama kwenye mdomo ule tangu mabega yake hayajapanuka, na kama angeondolewa pale asingejua asubuhi aamkie nini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na alilijua hilo kwa uchungu, na akaona afadhali aseme neno kabla mdogo wake hajaanza kusema habari za mto wa kuegemea.

"Nipe mpaka mwezi ujao uishe," alisema. "Nitatoa mikate mbele yako. Mimi peke yangu, na wewe ukisimama pale na simu yako. Ikitoka sivyo, nitajipeleka kaunta mwenyewe, hutanisukuma."

Mdogo mtu akamtazama mkewe. Mkewe akapiga chafya.

"Haya," akasema. "Mwezi ujao uishe."

Kesho yake Bi Pua alikwenda duka la dawa. Si moja ya yale matatu. Alikwenda la nne, la mbali, ambako hakuna aliyemjua. Alikuta binti mdogo mwenye koti jeupe lililomzidi mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe matone ya pua, haya hapa." Akaweka kichupa kitupu juu ya meza. "Na kama yapo makali zaidi, nipe hayo makali."

"Umetumia haya kwa muda gani?"

"Muda tu."

"Muda gani, mama?"

Bi Pua aliangalia dari. Kisha, kwa kuwa hakumjua binti huyu wala hatamwona tena, akasema kweli. "Mwaka wa tatu unaisha."

Yule binti hakucheka wala hakufoka. Alifungua boksi jipya, akatoa ile karatasi, akaikunjua, na akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Safari hii Bi Pua alikuwa na miwani. Ilisema: isitumike zaidi ya siku chache.

"Nitakwambia vile inavyofanya kazi," alisema binti. "Pua ikivimba ndani, dawa hii inaiminya, hewa inapita. Nguvu yake ikiisha, pua inavimba tena, zaidi ya mwanzo. Unatia tena. Inaminya, inavimba. Sasa hivi, mama, kinachokuziba pua si unga tena. Ni hiki hapa."

Bi Pua alikitazama kichupa kile, kidogo, cheupe, kimekaa kimya juu ya meza kama mtoto wa watu.

"Na harufu?" aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo. "Harufu inarudi?"

"Kwa wengi inarudi. Kukuapia siwezi."

"Nikiacha leo?"

"Ukiacha yote kwa mpigo utateseka, na wengi hurudi dukani kabla ya wiki. Wako wanaoacha tundu moja kwanza. Tundu moja unalinyima kabisa, lingine unaendelea kulitilia, ili upate pa kupumulia. La kwanza likipona, unaanza la pili. Na uende kwa daktari wa pua, atakupa dawa nyingine ya huo mzio wenyewe, isiyo na tabia hii. Na maji ya chumvi ya kusafishia, yaliyochemshwa yakapoa."

"Tundu moja?" Bi Pua alisema. "Yaani pua yangu niigawe kama shamba la urithi?"

"Ndiyo, mama."

Bi Pua alikwenda kwa daktari, ambaye alimmulika puani, akaguna na kusema maneno yale yale ya binti kwa sauti nene zaidi. Akarudi nyumbani na dawa ya mzio, na chumvi, na akapiga moyo konde. Tundu la kulia kwanza, akasema, kwa sababu mtu huanza mambo ya maana kwa kulia.

Msomaji asidhani ilikuwa kazi rahisi kwa kuwa inachekesha. Tundu la kulia lilifunga siku hiyo hiyo na halikufunguka tena. Uso wote wa upande ule ulimuuma mpaka kwenye jino. Akilala ubavu huu, kuziba. Akilala ubavu ule, kuziba zaidi. Akaketi kitandani ameegemea ukuta, akisema na tundu la pua kama mtu anayesema na punda aliyegoma njiani. "Utafunguka tu. Mimi nawe tuone nani ana kiburi." Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kichupa mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka, na kila ulipokwenda alitia tundu la kushoto tu, akaliacha la kulia linalia. Kile cha nyuma ya kopo la hamira alikimimina chooni. Kile cha chini ya mto alikimimina pia, kisha akakaa akikitazama choo kwa majuto makubwa. Akabaki na kimoja, cha aproni.

Kazini alibadilisha mambo. Alijifunga kitambaa cha pamba puani na mdomoni. Akamwambia wifi aanze kumimina maji kwenye beseni ndipo unga ufuate taratibu, badala ya kumwaga gunia zima kutoka juu na kuinua wingu. Wifi alipona mafua, kidevu kikarudi kazini kama zamani, na Bi Pua, Mungu amsamehe, akarudi kukitazama. Mikate lazima itoke. Lakini wifi hakuwa mjinga. Mwanamke aliyekaa na wewe chumba kimoja kuanzia alfajiri mpaka jioni anajua hata idadi ya miayo yako.

"Wifi," alisema siku moja, mikono ndani ya unga, mdogo mtu akiwa ameshaondoka na gari. "Unapumua kwa mdomo kama samaki. Hicho kichupa unachojitilia kwenye kona, unatilia upande mmoja. Na kila mara kabla hujafungua tanuri unanitazama mimi. Nilijaribu jana. Niliinua kichwa makusudi, mikate ikiwa bado mibichi, na mkono wako ukaenda kwenye mlango. Nikakohoa, ukaacha. Niambie kuna nini."

Bi Pua aliegemeza sepetu ukutani. Alitaka kusema uongo na uongo wenyewe ukamkimbia. Akaketi juu ya gunia na kumweleza wifi yake mambo yote, kuanzia chafya.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifutia machozi kwa kiwiko na kujipaka unga usoni. Kisha akaacha ghafla.

"Kwa hiyo sifa zote zile," alisema polepole, "saa puani, saa puani, ilikuwa ni kidevu changu?"

"Ni kidevu chako."

"Na mimi nikirudi nyumbani namsikia mume wangu anakusifia wewe mezani, na mimi naitikia! Wifi, una roho ngumu!"

"Nayo. Nisamehe."

Wifi alikanda kwa hasira kwa muda, donge likapigwa pasipo kosa. Alikuwa na haki ya kukasirika, na Bi Pua hakumwambia apoe. Hatimaye wifi akasema, "Haya. Mimi sitaki tanuri la umeme. Likija hilo, kesho itakuja na mashine ya kukandia, na mimi nitakuwa kaunta pamoja nawe, tukigombania feni. Siku ya mtihani nitasimama pale dirishani. Nikisikia harufu nitajikuna shingo, wewe utoe. Mume wangu haoni kitu hata ukimvalisha miwani miwili."

Jambo lile lilikuwa tamu kwa Bi Pua. Angeshinda bila taabu. Angeweza hata kurudisha matone kwenye tundu la kulia jioni ile ile na kulala usingizi kama binadamu wengine. Mkono ulikuwa tayari umeingia mfukoni.

"Hapana," alisema. "Cha kuazima hakisitiri matako, wifi. Nimejisitiri nacho miaka miwili, umeona kilivyoniacha uchi siku ulipopata mafua. Ila nisaidie kitu kimoja. Kuanzia leo sikutazami. Nitakupa mgongo. Mimi nitasema 'sasa' ninapodhani, na wewe sema 'sasa' unaposikia, na tutatoa kwa sasa yako. Nataka nijue niko mbali kiasi gani."

Wakafanya hivyo. Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu. Bi Pua alisema "sasa" mikate haijapata hata ngozi. Au alinyamaza kama gogo mpaka wifi apige kelele. Alikuwa akibahatisha tu, hasikii kitu. Wifi alimtania bila huruma, akamwita Bi Pua wa Zamani, na Bi Pua akautumia utani ule kama kuni. Kila asubuhi maji ya chumvi, dawa ya daktari, kitambaa puani. Kila jioni ugomvi na punda wake. Nusu ya mwezi ilipopita tundu la kulia bado lilikuwa limefunga, na alilia mara moja, jikoni kwake, sufuria ikichemka, si kwa maumivu bali kwa hofu kwamba binti wa duka alikuwa amekataa kuapa kwa sababu alijua harufu haitarudi.

Siku iliyofuata alikuwa akifagia chini ya meza ya kukandia, kitambaa kimeteremka shingoni, alipohisi kitu kama uzi unaopita kwenye tundu la kulia. Hewa. Nyembamba, yenye filimbi ndani yake. Akasimama wima na ufagio. Akaziba tundu la kushoto kwa kidole, akavuta. Ikapita. Akakimbilia kopo la hamira, akafungua kifuniko, akatumbukiza pua yote. Hakusikia kitu. Akavuta tena, polepole, na chini kabisa, mbali kabisa, akausikia ule uchachu.

"Wifi!" alipiga kelele. "Inanuka! Hamira yako inanuka!"

"Inanuka nini? Nimeifungua leo!"

"Inanuka vizuri!"

Tangu hapo "sasa" zao zilianza kusogeleana. Si kwa kunyooka. Siku moja anapata, siku mbili anakosa, na mwisho wa wiki tundu linazibika nusu kwa sababu ya gunia lililopasuka. Lakini mara moja walisema pamoja, na wote wawili wakaacha kazi wakatazamana. Bi Pua alijua kwamba tundu moja si pua nzima. Harufu iliyomfikia ilikuwa nyembamba, ya kuvutwa kwa nia. Hakuwa na nyingine, na mwezi ulikuwa umekwisha.

Siku ya mtihani mdogo mtu alikuja na simu yake, amevaa shati la kwenda ofisini kwa watu.

"Nimeweka muda ule ule wa siku zote," alisema. "Nimeupima wiki nzima, nyuma yako, usinichukie. Simu ikilia, ndiyo kengele ya tanuri la umeme. Tuone nani mkweli."

"Sawa," alisema Bi Pua. "Wifi, tupishe."

Wifi akatoka. Bi Pua akaingiza mikate, safu kwa safu, akafunga mlango, akavua kitambaa. Akasimama. Mdogo mtu akasimama kando yake, akitazama simu kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini. Hamira ikatoka, Bi Pua akaisikia kwa tundu la kulia, akashukuru. Kisha ikapotea, na pakawa patupu kama ile asubuhi ya kwanza. Na bila kutaka, macho yake yakaenda dirishani.

Wifi alikuwa pale nje, ameegemea ukuta wa nyumba ya pili, uso wake wote kwenye fremu ya dirisha. Mkono ulikuwa kwenye shingo, tayari. Alikuwa amekuja hata hivyo, kwa mapenzi yake.

Bi Pua alitazama kile kidevu alichokijua kuliko uso wake mwenyewe. Kilikuwa chini. Akatazama simu ya mdogo wake: muda bado. Na hapo hapo, kwenye tundu lake la kulia, nyembamba kama uzi, ikaingia harufu ya njugu.

Akavuta tena. Ilikuwepo. Lakini kidevu kilikuwa bado chini, simu ilikuwa bado kimya, na yeye alikuwa na nusu ya pua iliyopona majuzi. Kwa miaka miwili alikuwa akimwamini mwingine kabla ya kujiamini mwenyewe. Mpini wa sepetu ukamlowa kiganjani. Akakumbuka kwamba kuni za leo zilitoka kwenye rundo la ndani, kavu kabisa, zinazowaka kwa hasira. Lakini hata kuni hazikuwa na neno la mwisho. Alikuwa akiisikia harufu. Au anaisikia, au haisikii, na mtu asiyeweza kusema ni lipi kati ya hayo mawili aende akakae kwenye feni.

Akageuza mgongo dirishani na kufungua mlango.

"Dada!" mdogo mtu alipiga kelele. "Bado! Bado simu!"

Bi Pua aliingiza sepetu na kutoa mikate safu kwa safu, akaipanga mezani, na kila mmoja ulikuwa na rangi ile ile, ya dhahabu, umevimba vizuri. Alibakiza mmoja ndani, akafunga mlango.

"Huo ni wako na simu yako," alisema.

Wakangoja. Mdogo mtu alibonyeza mkate mmoja wa mezani, akauvunja, akaunusa. Ndipo dirishani wifi akainua kidevu, akajikuna shingo kwa nguvu kama aliyeumwa na siafu, na alipoona mlango umefungwa akashindwa kuvumilia.

"Sasa!" alipayuka. "Wifi, sasa!"

Harufu ilikuwa imechukua muda wote ule kufika nje kwake. Bi Pua alicheka mpaka akashika meza. Simu ililia baada ya hapo, ikalia kwa wimbo mzuri, na ule mkate mmoja walioutoa ulikuwa na mgongo wa kahawia iliyokolea na chini mweusi.

Mdogo mtu aliushika kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Mke wangu alikuwa anasema 'sasa' kwa nini?" aliuliza.

Basi Bi Pua akamwambia. Akatoa kichupa kwenye aproni, akakiweka mezani kati ya mikate, akamweleza habari yake yote na ya kidevu, hakuacha hata moja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniweka kaunta."

Mdogo mtu alifikiri. "Ningekuweka," alikubali, na machozi yakamlengalenga. "Nitampigia muuzaji. Nitamwambia tuna tanuri."

"Mwambie pia sijapona. Hili la kushoto bado ni mtumwa. Kesho naanza kulinyima, na kwa muda nitakuwa hovyo, nakwambieni mapema. Lile la kulia peke yake halitoshi mikate ya siku nzima." Akamgeukia wifi, ambaye alikuwa ameingia kinyemela na kusimama mlangoni, mkono bado shingoni. "Njoo ushike hii."

Alikuwa amemnyooshea sepetu. Hakuna aliyewahi kuona sepetu ile kwenye mkono mwingine.

"Mimi?" wifi alisema. "Mimi ni wa kukanda."

"Miaka miwili umeitoa mikate ya bekari hii bila kujua," alisema Bi Pua. "Leo itoe ukijua."

Wifi akajifuta mikono kwenye aproni, pande zote mbili, akaipokea.